Hapana ya Minnesota

Karatasi ya kura waliyopewa wakazi wa jimbo la Minnesota tarehe 6 Novemba 2012 ilikuwa na majina ya Barack Obama na Mitt Romney, ya wagombea wa Seneti na Bunge, ya majaji ambao karibu hakuna aliyewajua, na maswali mawili ya kurekebisha katiba ya jimbo. Swali la kwanza liliuliza kama katiba iandikwe kwamba muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja pekee ndio utakaotambuliwa kuwa ndoa. Ulipaka wino kiduara cha Ndiyo au cha Hapana. Ukiviacha vyote viwili vitupu, ulihesabiwa umesema Hapana, kwa sababu tangu 1898 katiba ya Minnesota inataka marekebisho yaungwe mkono na zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura siku hiyo, wawe wamejibu swali au wamelipita. Walioitunga kanuni hiyo hawakuwa na ndoa za jinsia moja akilini hata kidogo, lakini mwaka 2012 iliwanyima usingizi waliotaka Ndiyo ishinde.

Hiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza kama raia wa Marekani. Wakenya wa Minnesota, hasa Abagusii, wamejaa katika vitongoji vya kaskazini magharibi mwa Minneapolis, Brooklyn Park na Brooklyn Center, na ukiingia makao ya wazee usiku wa zamu utasikia Ekegusii na Kiswahili korido nzima. Nami nilikuwa mtu wa zamu hizo. Wengi wetu tulikuwa na msimamo ambao wachambuzi wa siasa hawakujua waupange wapi. Obama ni damu ya Kogelo, kwetu Kenya, tungempigia hata kama tungebebwa kwa machela. Na swali la ndoa tungelijibu Ndiyo siku hiyohiyo, kwa kalamu ileile. Tarehe 9 Mei mwaka huo, Obama alipomwambia mtangazaji Robin Roberts wa televisheni ya ABC kwamba sasa anaona watu wa jinsia moja waruhusiwe kuoana, chumba chetu cha mapumziko kilinyamaza. Mama mmoja wa Nyamira, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri na kwa ukali, ndiye aliyevunja kimya. Alisema kijana huyu ameshauriwa vibaya. Kisha akaongeza kwamba kura yake, hata hivyo, atampa.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kulitazama swali lile kwa makini. Tarehe 4 Agosti 2010 nyumbani Kenya wananchi walikuwa wameipitisha katiba mpya kwa karibu asilimia 67 ya kura. Ibara ya 45 ya katiba hiyo inasema kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Kwa hiyo lile ambalo Minnesota ilikuwa inaulizwa, sisi tulikuwa tumekwisha kulijibu, na tulilijibu bila kujadiliana sana. Kelele za kampeni ya 2010 zilikuwa za mahakama za kadhi, za utoaji mimba na za ardhi. Kifungu cha ndoa kilipita kama abiria asiye na mzigo. Minnesota ililizungumza swali lake mwaka mmoja na nusu, mezani, kanisani, kwenye simu, katika uwanja wa mpira na katika foleni za duka, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyogeuza jibu.

Kwa Minnesota jambo lenyewe ni kongwe. Tarehe 18 Mei 1970, Jack Baker, mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na Michael McConnell, mkutubi, waliingia katika ofisi ya karani wa Kaunti ya Hennepin mjini Minneapolis, wamevaa suti na tai, wakaomba leseni ya ndoa. Walikuwa wamejuana Oklahoma tangu 1966. Baker alipomtaka waishi pamoja, McConnell alikubali kwa sharti kwamba siku moja wataoana kisheria. Ni sharti ambalo wakati ule lingemfanya mtu mwingine acheke au akimbie. Baker alikwenda kusomea sheria. Katika sheria ya ndoa ya Minnesota ya wakati huo hakukuta mahali paliposema waziwazi kwamba waombaji lazima wawe mwanamume na mwanamke. Waandishi wake hawakuona haja ya kukiandika kilichokuwa wazi kwao.

Karani, Gerald Nelson, aliwanyima leseni. Malipo ya ujasiri wao yalianza mara moja. McConnell alikuwa ameahidiwa kazi katika maktaba ya chuo kikuu. Baraza la wadhamini wa chuo likaifuta ahadi hiyo, na mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaliunga mkono. Alipata kazi katika maktaba za Kaunti ya Hennepin, serikali ileile ya kaunti iliyomnyima leseni, akaitumikia kwa miongo kadhaa. Wanafunzi, kwa upande wao, walimchagua Baker kuwa rais wao mwaka 1971 na wakamrudisha mwaka uliofuata. Bango lake moja la kampeni lilimwonyesha amekaa, amevaa viatu vya visigino virefu. Ukitaka kujua jinsi vijana walivyokuwa mbele ya wazee wao, linganisha bango hilo na barua ya wadhamini.

Kesi ya Baker dhidi ya Nelson ilifika Mahakama ya Juu ya Minnesota, na hukumu ikatolewa tarehe 15 Oktoba 1971. Majaji walisema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke tangu Kitabu cha Mwanzo, na kwamba kesi ya Loving ya 1967, iliyoondoa marufuku ya ndoa kati ya weusi na weupe, haiwahusu hawa. Baker na McConnell wakakata rufaa Washington. Tarehe 10 Oktoba 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupilia mbali kwa sentensi moja: hapakuwa na swali la maana la sheria ya shirikisho. Mtu asiye mwanasheria anaweza kudhani sentensi kama hiyo haina uzito. Kumbe kisheria ilihesabika kuwa uamuzi, na kwa zaidi ya miaka 40 mawakili wa serikali za majimbo waliitoa kila walipotaka kuzima kesi ya namna hiyo.

Wakati kesi ikiendelea, wawili hao walikuwa na njia nyingine. Mwezi Agosti 1971 McConnell alimwasili Baker kisheria kama mwanawe, na katika taratibu hizo Baker akapata jina jipya, Pat Lyn McConnell, linaloweza kuwa la mwanamume au la mwanamke. McConnell akaenda peke yake Mankato, makao makuu ya Kaunti ya Blue Earth, akaomba leseni, akapewa. Tarehe 3 Septemba 1971 mchungaji wa Kimethodisti, Roger Lynn, akawafungisha ndoa. Tutakutana tena na karatasi hiyo.

Miaka iliyofuata ilifundisha kwamba kura ya wananchi si rafiki wa kila mtu. Jiji la St. Paul, makao makuu ya jimbo, lilikuwa na kanuni iliyokataza kumbagua mtu katika kazi na nyumba kwa sababu ya anayempenda. Mwaka 1977 mwimbaji Anita Bryant aliongoza kampeni iliyofuta kanuni kama hiyo huko Dade, Florida, na wimbi hilo likapanda kaskazini. Tarehe 25 Aprili 1978 wapiga kura wa St. Paul waliifuta yao kwa karibu watu wawili dhidi ya mmoja. Naikumbuka tarehe hiyo kila ninaposikia mtu akisifu kura ya maoni kana kwamba ndiyo haki yenyewe.

Katika Bunge la jimbo kulikuwa na Allan Spear, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, seneta wa Minneapolis, aliyejitangaza mwishoni mwa 1974 kwamba yeye ni shoga. Hakupigiwa ngoma wala hakufukuzwa. Wapiga kura wake waliendelea kumrudisha. Kwa karibu miaka 20 alipeleka mswada uleule wa kukataza ubaguzi, ukawa unaanguka. Mwaka 1993, yeye mwenyewe akiwa rais wa Seneti ya jimbo, ulipita, na gavana aliyeutia saini, Arne Carlson, alikuwa wa chama cha Republican. Miongoni mwa waliouunga mkono alikuwa Dean Johnson, kiongozi wa Republican katika Seneti na mchungaji wa Kilutheri kutoka Willmar, mji wa wakulima. Nawataja hawa wawili kwa sababu vijana wa leo hudhani mstari kati ya vyama ulikuwa pale ulipo sasa tangu enzi za Adamu.

Ndoa lakini ilikuwa jambo jingine. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozuia serikali ya shirikisho kutambua ndoa za jinsia moja, Bill Clinton akaitia saini, na hata Paul Wellstone, seneta wa Minnesota aliyekuwa mwiba kwa wahafidhina wote, aliipigia kura ya ndiyo. Baadaye alikiri kuwa na mashaka na kura hiyo. Mwaka 1997 Minnesota ikatunga marufuku yake, na pengo aliloligundua Baker mwaka 1970 likazibwa. Kuanzia 2004 seneta mmoja wa jimbo kutoka eneo la Stillwater, Michele Bachmann, alidai marufuku hiyo iingie kwenye katiba ili jaji yeyote asiiguse. Alishindwa, akaenda Washington kuwa mbunge, na baadaye akagombea tiketi ya urais. Wazo lake lilibaki likingoja wabunge wa kulibeba.

Waliingia na uchaguzi wa 2010. Republican walishinda mabaraza yote mawili ya jimbo, huku ugavana ukichukuliwa na Mark Dayton wa Democratic kwa tofauti ya kura zisizofika 9,000. Gavana angeweza kuzuia sheria ya kawaida. Marekebisho ya katiba hayahitaji saini yake, yanakwenda moja kwa moja kwa wananchi. Ndiyo maana wakayachagua. Mwezi Mei 2011 Seneti iliyapitisha kwa kura 37 dhidi ya 27, na usiku wa tarehe 21 Baraza la Wawakilishi likayapitisha kwa 70 dhidi ya 62. Dayton aliandika veto yake hata hivyo, akijua haina nguvu yoyote.

Katika mjadala wa Mei ile watu wawili walisema mambo yaliyoenea. Steve Simon, mbunge wa Democratic, aliuliza kamati ni watu wangapi zaidi wa namna hii Mungu atapaswa kuwaumba ndipo tukubali kwamba huenda anawataka wawepo. Mwingine alikuwa John Kriesel wa Republican. Kriesel alikuwa mwanajeshi aliyepoteza miguu yote miwili karibu na Fallujah, Iraq, Desemba 2006. Alisimama kwa miguu ya bandia, akainua picha ya Koplo Andrew Wilfahrt, kijana wa Minnesota aliyekuwa shoga na aliyeuawa Afghanistan Februari 2011, akasema hawezi kumwambia mtu kama huyo kwamba alitosha kuifia nchi lakini hatoshi kuoa. Wabunge wanne tu wa chama chake walipiga Hapana, yeye akiwa mmoja wao. Kwa hesabu, hotuba ile haikubadilisha kitu. Lakini watu waliitazama kwenye simu zao, na wanajeshi wastaafu wa mashambani, ambao hawakuwahi kumsikiliza mwanaharakati wa Minneapolis, walimsikiliza Kriesel.

Historia ilikuwa upande wa Ndiyo. Swali la aina hii lilikuwa limepigiwa kura zaidi ya mara 30 katika majimbo mbalimbali, na karibu kila mara wapinzani wa ndoa za jinsia moja waliondoka na ushindi. California ya 2008, jimbo la watu wanaojiona wa mbele, iliifuta ndoa hiyo kwa asilimia 52 siku ileile iliyompa Obama urais. Maine iliifuta mwaka 2009, miezi michache baada ya gavana wake kuitia saini. Kampeni zote mbili ziliongozwa na mtaalamu mmoja, Frank Schubert, na sasa alikuwa amekodiwa kwa ajili ya Minnesota na majimbo mengine matatu yaliyokuwa na swali kuhusu ndoa hizo: Maine tena, Maryland na Washington. Mei 2012, siku moja kabla ya Obama kutoa kauli yake, North Carolina iliweka marufuku kwenye katiba kwa asilimia 61.

Waliopinga marekebisho Minnesota waliunda kampeni iliyoitwa Minnesotans United for All Families, chini ya kijana aliyeitwa Richard Carlbom. Walikaa wakachunguza kwa nini wenzao walishindwa California na Maine. Waligundua kwamba kampeni zile zilizungumza haki, usawa na faida za kisheria, kama bima na urithi, na mpiga kura wa kawaida akabaki kujiuliza: mimi sikuoa kwa ajili ya bima; hawa wanataka kitu tofauti na nilichonacho? Basi wakageuza maongezi. Badala ya kumweleza mpiga kura kuhusu mashoga, wakamuuliza kuhusu yeye. Ulioa kwa nini? Siku ile uliahidi nini? Maelfu ya watu waliojitolea waliketi jioni baada ya jioni wakipiga simu, na maagizo yao yalikuwa kusikiliza zaidi ya kusema. Kampeni ilikusanya zaidi ya dola milioni 10, karibu maradufu ya wapinzani wao, na bado nadhani yale maswali yalifanya kazi kuliko fedha.

Mama yetu wa Nyamira alipigiwa simu hiyo. Kijana wa upande wa pili, kwa adabu zote za Minnesota, akamuuliza kwa nini aliolewa. Mama akamweleza habari za ng'ombe: wangapi waliletwa, yupi alikuwa mgonjwa akarudishwa, baba yake alivyokataa kukaa kitini mpaka ng'ombe mbadala afike. Kisha, alivyotusimulia, akajikuta anamweleza mtoto wa watu asiyemjua jinsi mumewe alivyomtunza alipougua, na jinsi alivyomzika. Kijana alimshukuru. Hakumwomba kura. Hilo ndilo lililomkera mama kwa siku nyingi: "Mwanangu, aliniuliza yangu yote, halafu hakuniambia nifanye nini."

Kutoka hapo maneno hayakukauka. Mzee mmoja aliposema haya ni mambo ya wazungu, mama alimkumbusha jinsi mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume kwetu anavyoweza kumlipia mahari mwanamke mwenzake na kumleta nyumbani, watoto wakaitwa kwa jina la nyumba hiyo. Wakuria wanayo desturi hiyo, Wanandi wanayo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika kesi ya urithi. Siwezi kuitumia desturi hiyo kama ushahidi wa kitu kisichokuwamo. Hiyo ni ndoa ya ukoo, mali na jina, mapenzi ya wanawake wawili hayamo katika hesabu yake, na wazee wenye desturi hiyo wangekasirika kufananishwa. Lakini ilimnyima mzee yule hoja yake ya kwamba ndoa imekuwa na umbo moja tu tangu dunia iumbwe, na alikuwa mwerevu wa kutosha kunyamaza.

Makanisa yaligawanyika. Askofu Mkuu John Nienstedt wa St. Paul na Minneapolis alikuwa ametuma diski za video kwa familia zipatazo 400,000 za Kikatoliki mwaka 2010, na mwaka 2012 aliifanya kura ya Ndiyo kuwa kazi ya jimbo lake kuu. Wakatoliki wengine walijipanga dhidi yake. Baadhi ya sinodi za Kilutheri, katika jimbo ambalo Ulutheri uliletwa na Wanorwei na Waswidi kama sisi tulivyoleta chapati, zilipitisha maazimio ya kupinga marekebisho. Keith Ellison, mbunge wa Minneapolis na Mwislamu wa kwanza kuingia Bunge la Marekani, alisema Hapana waziwazi, huku baadhi ya Wasomali waliompigia kura katika mtaa wa Cedar-Riverside wakiona vingine. Hata mpira uliingia. Chris Kluwe, mpigaji mpira kwa mguu wa timu ya Vikings, aliandika barua ya matusi yaliyopangwa vizuri kwa mbunge wa Maryland aliyetaka mchezaji mwingine, aliyeunga mkono ndoa hizo, anyamazishwe, nchi nzima ikaisoma. Matt Birk, mzaliwa wa St. Paul aliyekuwa akicheza Baltimore, akaandika gazetini kwa utulivu kuiunga mkono Ndiyo. Mimi nilikuwa wa upande wa Kluwe, ingawa Birk ndiye aliyeandika kwa adabu zaidi.

Siku ya kura Minnesota ilitoa asilimia 76 ya wapiga kura wake, idadi ya juu kuliko jimbo lolote Marekani. Obama alitangazwa mapema usiku, tukapiga vigelegele kazini hadi wazee wawili wakaamka. Swali la kwanza lilikawia. Matokeo yalipokamilika, Ndiyo ilikuwa na asilimia 47.4 na Hapana 51.2. Waliobaki, zaidi ya watu 40,000, waliacha viduara vitupu. Hapana ingeshinda hata bila wao, kwa hiyo kanuni ya 1898 haikuamua chochote. Usiku huohuo Maine, Maryland na Washington zikawa za kwanza kuikubali ndoa ya jinsia moja kwa kura ya wananchi, na Maine ilikuwa imegeuka katika miaka mitatu tu. Schubert alipoteza majimbo yote manne.

Mama wa Nyamira aliniambia siku chache baadaye kwamba alipofika kwenye swali lile alikaa nalo, kalamu mkononi, kisha akageuza karatasi. Hakupaka popote. Nilimweleza kanuni inavyosema. Akanitazama kwa muda, akaniambia hilo ni shauri la wahesabu kura.

Waliouweka mswada ule kwenye karatasi ya kura walitaka mambo mawili: kulifunga swali la ndoa lisifunguliwe tena na jaji wala mbunge, na kuwatoa nyumbani wapiga kura wa kihafidhina. Walipoteza yote mawili. Democratic walirudi na mabaraza yote mawili, na sasa jimbo zima lilikuwa limekwisha kuzoea kulizungumza jambo ambalo awali watu waliliacha chini ya zulia. Naamini kabisa kwamba bila yale marekebisho Minnesota isingekuwa na ndoa hizo mwaka 2013. Viongozi wa Democratic wenyewe walikuwa waoga, wangengoja miaka. Wapinzani wao ndio waliowalazimisha kuwa na jeshi la watu waliojitolea, orodha ya majina na mazoea ya kuongea, vyote vikiwa tayari siku ya tarehe 7 Novemba.

Hata hivyo furaha ya usiku ule sikuinywa yote. Walioshinda walianza kuimba kwamba wananchi wamesema, nami nikawaza St. Paul ya 1978, ambako wananchi walisema pia. Kama Ndiyo ingevuka nusu, Baker na McConnell wangekuwa na haki pungufu kwa sababu ya asilimia chache? Haki inayongoja jirani zako wote wawe na siku nzuri ni haki ya mashaka. Lakini pia naona kwamba hukumu ya mahakama isingemfanya yule kijana ampigie mama simu.

Mwaka 2013 mambo yalikwenda mbio. Mswada uliletwa na Scott Dibble katika Seneti na Karen Clark katika Baraza la Wawakilishi. Clark alikuwa mbunge tangu uchaguzi wa 1980 na hakuwahi kuficha kwamba anampenda mwanamke. Wabunge wa mashambani, ambao kaunti zao zilipiga Ndiyo, walikuwa na hofu. Aliyewapa pa kushika ni mtu wa Republican, David FitzSimmons, aliyependekeza kwamba sheria iseme kote ndoa ya kiserikali, kama ile ambayo nyumbani tunaiita ndoa ya bomani, ili ieleweke kwamba dini haiguswi. Pendekezo lilikubaliwa. Tarehe 9 Mei Baraza likapitisha kwa 75 dhidi ya 59, tarehe 13 Seneti kwa 37 dhidi ya 30, na kesho yake jioni Dayton akatia saini kwenye ngazi za jengo la Bunge, St. Paul, mbele ya maelfu. Minnesota ikawa jimbo la 12. FitzSimmons alipiga kura ya ndiyo, na chama chake kilipokutana mwaka uliofuata kilimnyima uteuzi. Katika watu wote wa habari hii, yeye ndiye ninayetamani kumnunulia kahawa.

Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Agosti. Saa sita usiku, meya wa Minneapolis, R.T. Rybak, alianza kufungisha ndoa katika ukumbi wa manispaa na hakumaliza mpaka alfajiri. Jengo lile liko katika Kaunti ya Hennepin, kaunti ya karani Nelson. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Obergefell, iliruhusu ndoa hizo nchi nzima na ikatamka kwa jina kwamba uamuzi wa Baker dhidi ya Nelson umefutwa. Rais wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Eric Kaler, alikuwa amekwisha kuomba radhi mwaka 2012 kwa alivyotendewa McConnell miaka 42 nyuma.

Ilibaki ile karatasi ya Mankato. Kaunti ya Blue Earth ilikuwa imekataa kuiandikisha ndoa ya 1971, na Baker na McConnell, sasa wazee wenye umri wa miaka sabini na kitu, hawakutaka kufunga nyingine. Walisema wameshaoana. Wakarudi mahakamani, na Septemba 2018 jaji wa kaunti hiyo akakubali: leseni ilitolewa, mchungaji alifungisha, na mwaka 1971 hakukuwa na sheria ya Minnesota iliyoikataza kwa maneno. Ndoa yao ni halali tangu tarehe 3 Septemba 1971. Maana yake ni kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilipowaambia mwaka 1972 kuwa ombi lao halina swali la maana, ilikuwa inawajibu watu waliokuwa wameoana kwa mwaka mzima.